Mhasibu wa SACCOS apatikane vipi: kwa mazungumzo, kwa maswali ya alama au kwa jaribio la kazi?

Mara ya kwanza nilipokaa kwenye kamati ya kuajiri, tulikuwa watu watano mezani na waombaji watatu kwenye benchi nje. SACCOS yetu ilikuwa inatafuta mhasibu. Wa pili kuingia alikuwa kijana aliyempa shikamoo kila mmoja wetu, akasubiri kuambiwa akae, kisha katika kujieleza akamtaja mzee mmoja ambaye nusu ya kamati tulimfahamu. Wa tatu alikuwa dada ambaye mikono ilimtetemeka mpaka akaiweka chini ya meza. Kwa yule dada tulipiga simu mbili kwa waajiri wake wa zamani, tukauliza kwa nini aliacha kazi. Kwa yule kijana hatukupiga hata moja. Hakuna aliyesema tusipige. Wazo lenyewe halikumjia mtu.

Baada ya miezi michache, wanachama wakaanza kuja dirishani na stakabadhi mkononi, wanaonyesha rejesho walilolipa, na kwenye leja halipo. Kijana hakuwa mwizi. Kazi hakuijua, na sisi hatukuwa tumemuuliza swali hata moja ambalo lingetuonyesha hilo. Tulichokijua juu yake ni kwamba ana adabu na anatoka kwa watu.

Tangu siku hiyo nimekaa kwenye kamati nyingine: ya SACCOS hiyohiyo, ya shule ya awali, na ya kikundi cha maji. Nimeshiriki njia tatu tofauti za kumchagua mtu, na kila moja nimeiona ikifaa na nimeiona ikishindwa. Naziweka hapa sambamba kwa ajili ya wenzangu wa vikundi vidogo, wasio na ofisa wa rasilimali watu, wanaoajiri mtu mmoja ndani ya miaka mitatu, na ambao mara nyingi wanamjua mwombaji au wanamjua shangazi yake.

Upendeleo wa kimemo na wa kubebana kindugu upo, na dawa yake inajulikana: mwenye ndugu kwenye orodha atangaze, kisha atoke chumbani. Ninaouhofia zaidi ni upendeleo wa watu wema, ule ambao hata mwenye nao haujui. Huo hauondoki kwa kuapa mwanzoni mwa kikao kwamba tutatenda haki. Hupungua pale utaratibu unapoubania njia.

Mazungumzo ya kawaida

Hii ndiyo njia inayotumika kwetu karibu kila mahali. Mwombaji anaingia, anaambiwa "jieleze", anaulizwa kwa nini anaitaka kazi, kisha kila mjumbe anauliza linalomjia. Akitoka, mwenyekiti anageuka na kusema, "Mnamwonaje?"

Uzuri wake ni kwamba haina gharama wala maandalizi, na mwombaji naye anapata kutujua. Ubaya wake ni kwamba ushahidi wote unamwagwa kwenye chungu kimoja. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichambua alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa walio chini yao kwa akili, umbo, uongozi na tabia. Alikuta alama hizo zimefuatana kupita kiasi: mtu aliyeonekana mzuri kwa jambo moja alipewa alama nzuri kwa yote. Yule kijana wetu alipata alama ya heshima ndani ya dakika moja, na alama hiyo ikamlipia hesabu, uzoefu na uaminifu.

Kuna kitu kimoja nataka kukikalia hapa, kwa sababu nimekiona kikiwaumiza watu wengi: Kiingereza. Mwombaji anaingia, mjumbe mmoja anaanza kumhoji kwa Kiingereza, na chumba kizima kinabadilika. Anayetiririka anaonekana msomi, na anayekwama anaonekana hajui kitu. Lakini kazi yenyewe ni kuongea na mama lishe anayerejesha mkopo wake kwa Kiswahili, kuandika stakabadhi kwa Kiswahili, na kuusomea mkutano mkuu taarifa ya mwaka kwa Kiswahili. Kama kazi inahitaji Kiingereza, mathalani mhasibu atalazimika kusoma miongozo au kuandikiana na mfadhili, kipimwe peke yake na kipewe alama zake peke yake. Kisipohitajika, kiachwe mlangoni. Nimewahi kumsikia mjumbe akisema "huyu ana kichwa" juu ya mtu ambaye alikuwa ametamka sentensi tatu tu, zote za kujitambulisha.

Hatari nyingine ya mazungumzo huru ni ile ya simu mbili kwa mmoja na sifuri kwa mwenzake. Tunayempenda tunatafuta sababu ya kumkubali, na tusiyempenda tunamtafutia sababu ya kumkataa. Maswali yanaonekana yale yale ya uchunguzi, kumbe uzito wake si mmoja. Mmoja akisema aliacha kazi kwa sababu ya mshahara mdogo tunasema anajitambua, mwingine akisema hivyo hivyo tunasema ana tamaa.

Maswali yaleyale na karatasi ya alama

Katikati ya miaka ya 1950, Daniel Kahneman alikuwa luteni wa miaka 21 hivi katika jeshi la Israeli, miaka mingi kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Alipewa kazi ya kuboresha usaili wa vijana wanaoingia jeshini. Wasaili walikuwa wanazungumza na kila kijana kama dakika 20, kisha wanatoa hukumu ya jumla, na hukumu hizo zilikuwa karibu hazina maana yoyote kwa mafanikio ya kijana baadaye. Kahneman akachagua sifa sita, akaandika maswali ya kweli juu ya maisha ya kijana kwa kila sifa, akaamuru kila sifa ipewe alama 1 hadi 5 kabla ya kwenda kwenye sifa inayofuata. Wasaili wakaja juu, wakaona anawafanya mashine. Akawapa nafasi: mkimaliza zote sita, fumbeni macho, mfikirieni kijana huyo kama askari, kisha mpeni alama moja ya jumla.

Matokeo yaliyokuja baada ya miezi yalikuwa na mambo mawili. Jumla ya alama sita ilitabiri vizuri kuliko usaili wa zamani. Na ile alama ya kufumba macho nayo ilifanya vizuri kama hiyo jumla. Mimi nalisoma hivi: hisia ya mtu mzima mwenye uzoefu ina thamani yake, ila ije mwisho, baada ya ushahidi kupimwa kipande kwa kipande. Ikitangulia, inaumeza ushahidi.

Kwa SACCOS yetu tulichukua sifa tano tu: kutunza kumbukumbu, kufunga hesabu za mwezi, kuongea na mwanachama mwenye hasira, kutunza siri za wanachama, na kutumia kompyuta. Kwa kila moja, maswali mawili, na yote ni ya jambo lililokwisha kutokea. Badala ya "Je, wewe ni mwangalifu?" tuliuliza, "Tueleze mara ya mwisho hesabu zako zilipokataa kufunga. Ulianzia wapi kutafuta?" Mtu aliyewahi kukesha na hesabu zisizofunga anaanza kusimulia hata kabla hujamaliza kuuliza. Asiyewahi anakupa nasaha.

Kabla ya siku ya usaili tuliandika pia jibu la alama 1 linafananaje, la 3 na la 5. Tusingefanya hivyo, karatasi ingejaa 3 tupu, kwa maana wajumbe wetu ni watu wa huruma na 3 haimkwazi mtu.

Kasoro zake nimezionja. Usaili unakuwa mkavu, na mwombaji anaweza kudhani hatumtaki, kwa hiyo mwanzoni mwambie kwamba wote wanaulizwa maswali hayahaya. Maswali yanavuja: wa kwanza akitoka anamsimulia wa pili benchini, hivyo wapangie njia tofauti ya kutokea. Kubwa kuliko yote, msemaji bado ana faida. Kuna watu wanasimulia kazi vizuri kuliko wanavyoifanya, na karatasi ya alama haiwezi kuwakamata wote.

Jaribio la kazi, majina yamefunikwa

Hapa mwombaji hasemi, anafanya. Tulitayarisha bahasha yenye stakabadhi 12, vocha 4 za malipo, daftari la fedha na ukurasa mmoja wa taarifa ya benki, vyote vya kutunga. Kazi ilikuwa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kwa dakika 40, kikokotoo kinaruhusiwa. Ndani tulipanda makosa mawili. Stakabadhi moja ilikuwa imeingizwa mara mbili. Na amana moja ya 45,000 ilikuwa imeandikwa 54,000 kwenye daftari.

Kila mwombaji alipewa namba, na karani aliyezigawa hakuwa mjumbe wa kamati. Majibu yalikuja kwetu yakiwa na namba tu, kama karatasi za mtihani wa taifa zinavyomfikia msahihishaji zikiwa na namba ya mtahiniwa. Mwenye namba 3 alikuwa ameiona stakabadhi iliyorudiwa. Kwenye tofauti iliyobaki, pembeni mwa karatasi kulikuwa na hesabu ndogo kwa penseli: 9,000 gawanya kwa 9, chini yake 1,000, na mstari. Mjumbe wetu aliyewahi kuwa mhasibu wa halmashauri akaigonga ile karatasi kwa kidole, akasema, "Huyu amefundwa." Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti inagawanyika kwa 9 bila baki, na mhasibu mzoefu ndiko anakoanzia kutafuta. Tulipofungua bahasha ya majina, namba 3 alikuwa mama ambaye barua yake ya maombi mmoja wetu alitaka iondolewe mapema, kwa sababu chuo alichosoma hatukukijua.

Jina peke yake linasema mengi kuliko tunavyokiri. Kwetu jina la kwanza hutaja dini, na la mwisho mara nyingi hutaja kabila na mkoa. Huko Marekani wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu wa kutunga karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakabadilisha majina tu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2004, wenye majina yanayosikika ya Kizungu walihitaji kutuma wasifu kama 10 ili kupigiwa simu mara moja, na wenye majina yanayosikika ya Wamarekani weusi kama 15. Wasifu ni ule ule.

Mfano unaotajwa sana wa kufunika ni wa okestra za Marekani, ambazo zilianza kuwasikiliza wapigaji wakiwa nyuma ya pazia. Katika okestra tano kubwa, wanawake walikuwa chini ya asilimia 5 mwaka 1970, na kufikia miaka ya 1990 wakawa kama robo. Claudia Goldin na Cecilia Rouse walichapisha utafiti mwaka 2000 ukilihusisha pazia na sehemu ya ongezeko hilo. Mimi naupenda mfano huu, na kwa sababu hiyohiyo nalazimika kuuchunguza kwa ukali uleule ambao ningeuchunguza mfano wa kunipinga: takwimu za utafiti ule zimekosolewa baadaye, kwa kuwa baadhi ya makundi yaliyolinganishwa yalikuwa madogo mno kubeba hitimisho zito. Wanawake wengi zaidi walikuwa pia wanahitimu muziki miaka hiyo. Kwa hiyo siutumii kama uthibitisho wa kiasi. Nautumia kuonyesha kwamba kufunika kunawezekana hata kwenye kazi inayotaka hisia.

Kasoro za jaribio ni za kweli. Linampendelea aliyekwisha kuifanya kazi, na linamwacha kijana aliyehitimu juzi ambaye angejifunza kwa miezi miwili. Linataka maandalizi, bahasha ile ilituchukua jioni mbili. Kwenye mji mdogo mwandiko unatambulika, hivyo sehemu za maelezo zichapwe kama kuna kompyuta. Na liwe fupi, la kutunga. Kumpa mwombaji hesabu zako halisi akufanyie bure ni dhuluma, na ukimtaka kazi ya nusu siku, mlipe.

Utafiti unapima vipi hizi tatu

Wanaochunguza usaili hutumia kipimo kinachoanza 0, yaani njia haikuambii lolote juu ya kazi ya kesho, hadi 1, yaani inakuambia yote. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walijumlisha tafiti za miaka 85. Mazungumzo huru yalipata 0.38, usaili wa maswali yaliyopangwa 0.51, na jaribio la kazi 0.54. Namba hizo zilitumika miaka mingi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakazipitia upya, wakaonyesha kwamba marekebisho ya kitakwimu yaliyozoeleka yalikuwa yamezikuza. Kwa hesabu yao, usaili uliopangwa ni 0.42, jaribio la kazi 0.33, na mazungumzo huru 0.19.

Kwa mujibu wa namba mpya, jaribio nililolisifu kwa kirefu limeshuka chini ya karatasi ya alama. Sikufurahi nilipoziona, na hapo ndipo nilipoacha kusema kwamba jaribio linatosha peke yake. Linalobaki imara katika hesabu zote mbili ni kwamba mazungumzo huru yako chini ya zote. Na kwa namba mpya, hata iliyo bora kati ya hizi tatu haifiki nusu ya kipimo, kwa hiyo miezi ya majaribio kwenye mkataba iwe ya majaribio kweli.

Jambo ambalo hakuna njia kati ya hizi inayolipima

Uaminifu. Hakuna swali, alama wala bahasha inayomtambua mwizi mwenye subira. Wajumbe wanaosema "mimi mtu nikimtazama machoni namjua" ndio ninaowaomba zaidi wakubali utaratibu. Kwa uaminifu tuna vitu viwili. Kwanza simu kwa mwajiri wa zamani, na ipigwe kwa wote waliofika mwisho, maswali yaleyale, majibu yaandikwe: Alikuwa anashughulikia fedha? Hesabu za mwezi alizifunga tarehe ngapi? Ungemwajiri tena? Kimya kinachokuja kabla ya jibu la swali la mwisho kiandikwe pia, ila kiandikwe kama kimya, pasipo tafsiri. Pili ni ulinzi baada ya kuajiri: sahihi mbili kwenye hundi, kamati ya usimamizi inayokagua bila taarifa, na mhasibu kuchukua likizo yake kamili huku mwingine akishika daftari.

Basi uchukue ipi

Kama mna alasiri moja tu na waombaji wawili au watatu, chukua karatasi ya alama. Sifa tano, maswali kumi, na mmoja wenu aandike jibu la alama 1, 3 na 5 usiku wa kabla yake. Kama waombaji ni wengi, anza na jaribio la kazi, waombaji wakiwa na namba tu, ili upunguze idadi bila kuyatazama majina, kisha karatasi ya alama kwa watatu wa juu. Utumishi wa umma Tanzania nao hupanga kwa hatua, kuanzia usaili wa mchujo, wa vitendo pale kazi inapohitaji, hadi wa mahojiano, na vikundi vidogo vinaweza kuiga mpangilio huo bila kuiga ukubwa wake. Kama kazi ni ya kulea, mfano mwalimu wa chekechea, jaribio liwe nusu saa darasani na watoto. Majina hayawezi kufunikwa hapo, hivyo wajumbe wawili wakae nyuma, kila mmoja na karatasi yake, wasinong'onezane.

Mazungumzo huru yabakizeni kwa mtu mmoja aliyekwisha kuchaguliwa, kumweleza mshahara, mazingira, na matatizo mliyo nayo. Hapo ndipo yanapofaa hasa.

Na vyovyote mtakavyochagua, kila mjumbe aandike alama zake na kuzifunika kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Mwaka 1906 kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe atakapokuwa amechinjwa, kila mmoja kwenye tiketi yake. Mwanasayansi Francis Galton alizipata tiketi 787 zilizosomeka. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207, na uzito wenyewe ulikuwa 1,198. Wale hawakukaa kwenye duara kumsikiliza mwenyekiti kwanza. Kwetu mwenyekiti akisema "mimi nimempenda wa pili", ushahidi wa wajumbe wanne unakuwa umekwisha, hata kama kila mmoja wao alikuwa na lake. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba mwenyekiti anasoma alama zake mwisho, na mjumbe mdogo kuliko wote anaanza.

Alama zikipishana sana kwa mwombaji mmoja, hatuzijumlishi haraka. Aliyempa 5 na aliyempa 2 wanasoma jibu la mwombaji kama lilivyoandikwa, kila mmoja anaonyesha neno lililomfanya atoe alama hiyo. Mara ya mwisho, aliyetoa 2 alionyesha neno na kamati ikaliona. Aliyetoa 5 alitazama karatasi yake kwa muda, akasema, "Nadhani nilikuwa namsikiliza sauti." Akabadilisha kuwa 3, akatia sahihi pembeni.

Karatasi hizo hatuzitupi. Ziko kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati la ofisi, pamoja na zile za alama ya jumla ya kufumba macho, ambayo nasi huitoa mwisho, na juu ya bahasha imeandikwa tarehe ya kuifungua: siku mhasibu mpya atakapotimiza mwaka, tuzilinganishe na leja yake.